Karani Alikosea, Mbona Mzee Ndiye Anaapa?

Wacha niseme hii kitu bila kuzunguka. Mwanajeshi mstaafu hafai kulipa hata shilingi moja, wala kulala Nairobi hata usiku mmoja, ndio arekebishiwe jina ambalo ofisi yenyewe iliandika vibaya.

Mnajua vile hizi stori huenda. Msee ameingia jeshi miaka ya sitini au sabini. Cheti cha kuzaliwa hana, juu wengi wa rika lake walizaliwa nyumbani na hakuna aliyeshika kalamu. Anaulizwa jina, anajibu. Karani ametoka upande mwingine wa nchi, anaandika vile masikio yake yamesikia. Njoroge inakuwa Njoloke. Cheruiyot inapoteza herufi njiani. Mwingine anaandikwa kwa jina la ubatizo, na kwa kitambulisho akaandikwa la ukoo. Mwaka wa kuzaliwa? Anaangaliwa usoni, anakadiriwa, anapewa. Faili inafungwa, na hiyo faili itamfuata mpaka kaburini.

Akiwa kazini hakuna noma. Anaitwa na hilo jina lililopinda, anaitika. Anatumwa mpakani, anaenda. Hakuna siku mkubwa alisimamisha gwaride akasema, "Ngoja, wewe si huyu wa kwa karatasi." Sasa mzee anastaafu, au anafuata malipo yake, na ghafla herufi moja imekuwa kesi. Wakati wa kutumwa, herufi hazikuhesabiwa. Wakati wa kulipwa ndio zimeanza kuhesabiwa moja moja.

Halafu anaambiwa nini? "Mzee, nenda kwa wakili uape." Hati ya kiapo yenyewe husema hivi: mimi ni fulani, pia najulikana kama fulani, na hao wawili ni mtu mmoja. Hebu rudia hapo pole pole. Pia najulikana kama. Anajulikana na nani? Mama yake hakumwita hivyo. Bibi yake hamwiti hivyo. Kijiji kizima hakuna anayemjua kwa hilo jina. Aliyemwita hivyo ni karani peke yake, na leo mzee anaapa mbele ya sheria kwamba kosa la karani ni jina lake la pili. Na wakili analipwa. Na muhuri unalipiwa. Na nauli ni yake.

Kuna ushauri mbaya kuliko huo: eti abadilishe kitambulisho kifanane na faili ya jeshi. Yaani ukweli ndio usogee, uongo ubaki umekaa. Akifanya hivyo, title ya shamba inagongana na kitambulisho, akaunti ya benki inagongana, vyeti vya watoto vinagongana. Hujarekebisha kosa, umelizalisha.

Na msidhani hii tabia ilianza jana. Sisi bado tunaita kitambulisho "kipande." Hilo neno lilitoka kwa mkoloni. Sheria yake ilipita 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwanaume Mwafrika akalazimishwa kutembea na karatasi yake ndani ya kikopo cha chuma, shingoni, na alama za vidole juu yake. Kwa hivyo serikali ilijua kabisa kuandika Mwafrika ni nani, ikitaka kumfuata kazi asitoroke. Lakini wale waliobebea Waingereza mizigo kwa hiyo vita, wale wa Carrier Corps waliotuachia jina la Kariokor? Enda Kenyatta Avenue uangalie zile sanamu tatu za askari na mpagazi. Ukipata jina la mtu mmoja hapo, niite.

Mwaka wa 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti kuhusu hiyo vita. Ilikubali kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina, au labda hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza wakati huo, Ben Wallace, aliomba msamaha bungeni. Tulikasirika, na tulikuwa na haki. Lakini baada ya uhuru wa 1963, vikosi vya King's African Rifles vya hapa viligeuka kuwa Kenya Rifles. Bendera ilibadilika. Sasa mnaniambia kudharau jina la askari pia ni urithi wa kutunza?

Sheria tunayo, na si ya kubahatisha. Mimi chuo niliacha, lakini Katiba haihitaji digrii. Kifungu cha 35(2) cha Katiba ya 2010 kinasema kila mtu ana haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari za uongo au za kupotosha zinazomwathiri. Haki, si favour. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inakupa haki ya kudai data yako isiyo sahihi irekebishwe. Hakuna mahali Katiba inasema "baada ya kurudi Jumatatu" ama "ukiwa na mtu ndani."

Najua kuna mtu atakuja kwa comments: "Tukilegeza, matapeli wataingia." Sawa, tuongee utapeli. Mwanajeshi ana namba ya huduma, yake peke yake. Kama ofisi ina hiyo namba, ina picha, ina alama za vidole, na bado inashindwa kujua huyu ni nani, basi shida si mzee. Halafu niambie: karatasi ya kuapa inazuia tapeli gani? Tapeli ndiye wa kwanza kuapa! Linganisha vidole na namba, maliza. Faili chafu ndiyo shamba la matapeli, juu pale jina linapogongana ndipo broka anatokea kwa korido akisema, "Nitakusaidia, kuna kitu kidogo?"

Na si ati haiwezekani. Marekani, mwanajeshi akitoka hupewa fomu ya DD 214. Ikiwa na makosa, kuna fomu nyingine, DD 215, ya kuyasahihisha, na inatolewa na jeshi lenyewe. Ofisi inaandika kwa mkono wake kwamba hapa palikosewa, na sahihi ni hii. Hiyo ndiyo tofauti ninayoongelea.

Sasa kinachoniuma zaidi. Mzee akiwa hai, angalau ataapa. Akifa? Mjane anabaki na cheti cha kifo chenye jina moja, faili ya jeshi yenye jina lingine, na hakuna anayeweza kumwamsha aje aseme "ni mimi." Huyo mama alilea watoto peke yake bwana akiwa kambini. Leo anaombwa athibitishe kwamba bwana yake alikuwa bwana yake. Kila mwaka mzee anapoambiwa "njoo next month," ni mjane anayetengenezewa hiyo shida.

Kwa hivyo kazi ni yetu, sisi wenye simu na macho mazuri. Hii wiki keti na babu, guka, kwaru, vyovyote mnamuita. Fungua ile bahasha ya zamani. Linganisha jina kwa kitambulisho na jina kwa karatasi za jeshi, herufi kwa herufi, na tarehe pia. Zikigongana, andika barua akiwa hai. Weka namba yake ya huduma, onyesha kosa, onyesha sahihi, taja Kifungu 35(2), ambatisha nakala, kamwe usitoe orijino. Hakikisha nakala yako imepigwa muhuri wa kupokelewa. Ukiomba nakala ya rekodi yake, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inapea ofisi siku 21 kujibu. Wakikwambia ni siri ya jeshi, waulize jina la babu yako linahatarisha usalama wa nchi gani. Wakinyamaza, peleka kwa Ombudsman.

Na kwa afisa anayesoma hii: hiyo faili ni yenu. Mliandika nyinyi. Rekebisheni nyinyi.