Biashara ya Sebuleni Siyo Pesa ya Bure



 Nina jambo limenikaa rohoni tangu likizo ya kiangazi, na kwa kuwa katika kurasa hizi tumezoea kuambiana ukweli, naomba nilitoe.

Wengi wetu hapa tunasomeshwa na biashara ndogo za nyumbani. Utamsikia mtu: "Mama yuko tu nyumbani, anauza-uza vitu mtandaoni." Yuko tu! Mie mwenyewe nilikuwa wa kwanza kusema hivyo, mpaka nilipokwenda Bidbid.

Kwa msioijua, Bidbid ni wilaya ya mkoa wa Dakhiliya, Oman, pale njia itokayo Muscat inapogawanyika, moja ikienda Nizwa na nyingine Ibra mpaka Sur. Fanja, ile yenye timu ya mpira, imo katika wilaya hiyo hiyo. Ukikisikia Kiswahili huko usishangae. Familia nyingi za Kiomani ziliishi Unguja, Pemba na bara kwa vizazi. Baada ya Mapinduzi ya 1964, na hasa Sultan Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970, wengi walirudi Oman na lugha yao, pilau yao na kanga zao. Shangazi yangu ameolewa huko. Mimi nimekulia Unguja, nasoma Uingereza, na sehemu ya ada yangu inatoka sebuleni kwake.

Shangazi anauza kanga. Mdogo wake ananunua Darajani, mzigo unasafirishwa, ukifika anazipiga picha doti mojamoja. Lazima jina la kanga lisomeke, maana mteja hanunui maua tu, ananunua na maneno. Picha zinakwenda Instagram na stetasi ya WhatsApp, na oda zinatoka Muscat, Sur, hata Dubai.

Basi mie msomi wa uhasibu nikajitia kimbelembele. "Shangazi, lete daftari nikupigie hesabu." Mzigo mmoja ulikuwa doti 40, kila doti rial 1.800, jumla rial 72. Usafiri rial 14. Ushuru wa forodha asilimia 5, na VAT asilimia 5 iliyoanza Oman Aprili 2021, pamoja zikafika rial 9 hivi. Jumla rial 95. Bei ya kuuzia rial 4, kwa hiyo doti 40 ni rial 160. Faida rial 65! Nikamwambia, shangazi, kumbe wewe tajiri.

Akacheka. "Mwanangu, hiyo hesabu ya chuo. Sasa andika hesabu ya watu."

Tukaandika. Doti 31 ndizo zilizolipwa, rial 124. Doti 5 zilichukuliwa kwa mkopo na jamaa, na mkopo wa jamaa mnaujua. Doti 2 zilikwenda harusini kama zawadi. Doti 2 zililowa njiani zikachujuka rangi. Toa rial 95 za mtaji, inabaki 29. Toa petroli ya kupeleka mizigo Muscat, mifuko na intaneti, rial 11. Inabaki 18.

Nikamuuliza saa. Hakuwahi kuzihesabu. Tukakadiria: kupiga picha, kujibu "bei gani?" mpaka usiku wa manane, kufunga, kwenda na kurudi. Saa 52. Ndugu zangu, rial 18 kwa saa 52 ni kama baisa 350 kwa saa. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa mwaka 2013 kwa Waomani katika sekta binafsi ni rial 325 kwa mwezi. Hata ukigawa kwa saa 200, ni zaidi ya rial moja na nusu kwa saa.

Lakini kilichonichoma si hicho. Niliuliza zile rial 18 zilikwenda wapi. Shangazi akanyamaza, kisha akanionyesha ujumbe wangu mwenyewe: "Shangazi, nimekwama na kodi ya chumba." Alinitumia zile 18, akaongeza na mtaji. Mzigo uliofuata ulikuwa doti 28.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Biashara ya sebuleni inaonekana ina faida kwa sababu kuna mtu ndani yake asiyelipwa, na mara nyingi sisi tulio ng'ambo ndio tunaokula mtaji huku tukidhani ni faida. Kama jasho la mama halimo katika hesabu, hesabu hiyo ni ya uongo.

Najua wako watakaosema: mkopo na zawadi ni mila zetu, usituletee uzungu. Sikatai. Yule jamaa aliyepewa doti ya harusi ndiye atakayekuja na sahani ya wali siku ya msiba, na baadhi ya wateja wa shangazi huja kununua kanga moja wakakaa mpaka magharibi kwa ajili ya kuzungumza Kiswahili tu. Hiyo nayo ni faida. Lakini wazee wetu walikopeshana kwa mali kauli, mzigo kwa neno tu, na neno lile lilikuwa na siku yake ya kulipa. Mkopo usio na siku ni zawadi iliyojificha. Ukitoa zawadi, iandike zawadi, ujue umetoa.

Wengine watasema: basi nami nitaanza kuuza hukuhuku nimsaidie. Nilifikiri hivyo hivyo, hadi niliposoma masharti. Viza ya mwanafunzi wa shahada Uingereza inaruhusu kuajiriwa saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, lakini hairuhusu kujiajiri. Kununua ili uuze kwa faida yako, hata kwa simu ukiwa kitandani, ni kujiajiri. Walioko Marekani kwa viza ya F-1 nao hawaruhusiwi kufanya kazi nje ya chuo bila kibali. Usipoteze shahada kwa doti kumi za kanga. Na Oman nako, mwaka 2023 Wizara ya Biashara ilitoa kanuni za biashara ya mtandaoni, kwa hiyo stetasi ya WhatsApp siyo kichaka cha kujificha. Mtu wako akihitaji leseni, kaa naye msome karatasi hizo pamoja. Hiyo ndiyo kazi ya msomi.

Tulichokubaliana na shangazi ni kidogo tu. Pesa ya mzigo na pesa ya nyumba zikae mbalimbali. Saa ziandikwe, na shangazi ajilipe kwanza kabla ya mtu yeyote, mimi nikiwemo. Mkopo usizidi doti 3 kwa mzigo, kila mmoja na tarehe yake. Bei imepanda hadi rial 4.500. Wateja wawili walinuna, mmoja akarudi.

Nami nimepata kazi jikoni mwa bweni, saa 10 kwa wiki, nimeajiriwa kihalali. Kuosha masufuria si sifa, lakini tangu Oktoba sijamwandikia shangazi kuomba kodi. Mzigo wa mwisho umerudi doti 40.

Basi wenzangu, ukiulizwa tena mama au shangazi anafanya nini, usiseme yuko tu nyumbani. Sema ni mfanyabiashara. Na kabla hujatuma ule ujumbe wa "nimekwama", muulize kwanza mzigo ulikuwaje.

Naomba kutoa hoja.