Chuma Hakina Dhambi

Wiki iliyopita mpwa wangu alinijia na shauri. Jambia la marehemu babu yangu, lililolala sandukuni miaka na miaka, amelipatia mnunuzi, mgeni wa ng'ambo, na bei yake si haba. "La nini tena, Mjomba?" akaniuliza. "Halikati hata nyanya." Siku ile sikuwa na jawabu. Leo ninalo, na nitalitoa kwa kisa cha watu walio mbali nasi.

Katika milima ya kaskazini mashariki mwa India, mpakani na Bama, wanakaa watu waitwao Wanaga. Jimbo lao la Nagaland liliundwa mwaka 1963, na wengine wao wamo Manipur, Assam, Arunachal Pradesh na ng'ambo ya mpaka. Bama si jina geni kwetu. Mwaka 1944 askari wa Afrika Mashariki, Wakenya wakiwamo, walipigana katika Bonde la Kabaw, si mbali na milima hiyo.

Silaha ya Wanaga ni dao. Si upanga wala si shoka, bali iko baina ya hayo mawili. Bapa lake ni jembamba penye mpini, hupanuka kuelekea mwisho, na mwisho wenyewe haukuchongoka. Hubebwa nyuma, katika ala ya mti iliyofungwa kiunoni. Kwa dao Mnaga hufyeka msitu apate shamba, hupasua mianzi ya kujengea na hukata nyama. Kwa dao hilo hilo, zamani, alikata kichwa cha adui akarejea nacho kijijini. La sherehe ni ndugu yake, ila hilo hupambwa kwa manyoya ya mbuzi yaliyotiwa rangi nyekundu.

Mapambo ya shujaa kwao hayakuwa urembo mtupu. Yako mavazi ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuyavaa ila aliyeleta kichwa, au aliyechinja mifugo yake akalisha kijiji kizima. Tazama ajabu hiyo, msomaji: mwenye kuua na mwenye kulisha walikaa daraja karibu moja. Lakini wote wawili walivaa walichokistahili. Hapakuwa na duka la kununulia heshima.

Mwaka 1872 akafika Edwin Clark, mmishenari wa Kibaptisti kutoka Marekani. Leo Wanaga walio wengi ni Wakristo, na kukata vichwa kulikoma katika karne ya ishirini. Hilo silililii hata kidogo, kwani roho ya mtu si pambo. Ila pamoja na dhambi ile, wamishenari walipiga vita na mengi yasiyokuwa na dhambi: ngoma, zile karamu za kulisha watu, hata morung, nyumba ya vijana walimofundishwa ada za wazee wao. Dao halikufa, maana shamba bado lilikuwapo.

Vitu vyao vingine vilisafiri. Maelfu yamo katika jumba la makumbusho la Pitt Rivers, mjini Oxford, mengi yakiwa yamekusanywa na maofisa wa serikali ya Kiingereza. Na Oktoba 2024 fuvu la Mnaga lilitangazwa kuuzwa mnadani huko Uingereza! Wanaga wakapiga kelele, likaondolewa. Hapo ndipo kinapofika kitu kisicho na mtu wa kukisemea: hupewa namba na bei.

Tangu mwaka 2000, kila Desemba, Wanaga hufanya tamasha huko Kisama, karibu na Kohima, na madao hushikwa katika ngoma mbele ya watalii. Wako wasemao kwamba hayo ni maonyesho tu. Huenda. Lakini afadhali dao lichezwe mbele ya mgeni, mradi pembeni yuko mzee wa kumweleza kijana lilifanya nini, jema na baya, kuliko liangikwe ukutani kwa mtu asiyejua hata jina lake.

Sisi tuliopita chuoni twaijua Suratul-Hadid, na twajua kuwa humo chuma kimetajwa kwa nguvu zake kali na kwa manufaa yake kwa watu, yote mawili pamoja. Chuma hakina dhambi. Dhambi ni ya mkono, na mkono waweza kutubu bila ya kukitupa chuma.

Sasa jawabu langu, mpwa wangu. Kosa si lako, ni langu. Jambia lile babu alilivaa siku ya harusi yake, na mimi nikalivaa siku ya yangu, kisha nikalifungia sandukuni, nisikwambie neno. Ungelijuaje thamani yake isipokuwa kwa bei ya mgeni?

Basi mwambie mnunuzi angoje. Wewe hujaoa bado. Siku yako ikifika, inshallah, nitakufunga kiunoni kwa mikono yangu mwenyewe na kukusimulia yote niliyosimuliwa. Baada ya hapo, ukitaka kuliuza, sitakuzuia.