Namba Mbili za Ndege Moja

Mama amtumapo mtoto dukani kununua chumvi, sabuni, kiberiti na mafuta ya taa, mtoto hukariri vitu hivyo njia nzima. Akisimamishwa na mwenzake wakazungumza kidogo, chumvi husahaulika. Mtoto huyo si mjinga. Wataalamu wa elimu ya nafsi wasema akili ina ghala dogo, kumbukumbu ya kazi, linaloshika jambo kwa nukta chache ili litumiwe papo hapo. George Miller wa Marekani, mwaka 1956, alikisia kuwa lachukua mambo saba hivi. Nelson Cowan, mwaka 2001, alipunguza hadi manne.

Kamanda naye ana ghala hilo hilo. Tarehe 3 Julai 1988, manowari ya Marekani Vincennes ilikuwa ikipigana na mashua za Iran katika Ghuba, wakati ndege ya abiria ya Iran iliporuka kutoka Bandar Abbas. Tangu kuruka hadi kupigwa zilipita dakika 7 tu. Rada iliandika kimo cha ndege kwa tarakimu, bila kueleza kama inapanda au inashuka. Mwangalizi alilazimika kuishika tarakimu ya kwanza kichwani, aingoje ya pili, kisha azilinganishe. Na wakati huo mzinga wa mbele ulikuwa umekwama, manowari ikageuka kwa kishindo, na sauti za watu wengi zikapishana masikioni mwake.

Wachambuzi walieleza baadaye jambo baya zaidi. Ndege hiyo ilikuwa na namba 4474, mtambo ukaibadili kuwa 4131, na namba ya kwanza ikapewa ndege ya kijeshi iliyokuwa mbali, ikishuka. Aliyeuliza habari za 4474 akajibiwa kuwa yashuka. Ndege ya abiria ilikuwa ikipanda. Watu 290 walikufa, 66 kati yao watoto.

Uchunguzi wa kijeshi ulisema mtambo haukuwa na kasoro, makosa yalikuwa ya watu. Hukumu hiyo ni nusu ya haki: mtambo unaomwachia mwanadamu akumbuke kile ambacho wenyewe ungeweza kukiandika, nao una sehemu yake. Katika simu ya upepo askari hufundishwa kuandika tarakimu na kuirudia kwa aliyeitoa kabla ya kutenda, ijapokuwa wakubwa wenye haraka huchukizwa na marudio hayo.