Hicho si kifaru chetu

Hapa kwetu London, sebuleni kunanuka gundi. Mwanangu wa miaka 12 anaunda vifaru vya vita vya plastiki, vile vinavyouzwa vipande vipande ndani ya boksi. Kipimo chake ni 1/35. Kifaru chenye upana wa mita 3.27 kinabaki na sentimita 9 na kidogo.

Mwezi uliopita alimaliza T-55, zawadi ya babu yake. Huyo ni baba yangu mdogo, yuko Bukoba, na alipigana Vita vya Kagera. Kijana alikipaka rangi ya kijani, akabandika bendera ndogo ya Tanzania, akatia matope kwenye minyororo. Nikapiga picha, nikaituma kwa WhatsApp. Jioni simu ikaita.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umefanya kazi nzuri. Ila hicho si kifaru chetu. Hicho kilikuwa kinatupiga sisi."

Mtoto akanitazama. Mimi sikuwa na la kumwambia.

Mzee akaeleza taratibu. Jeshi letu lilikuwa na Type 59, ambayo Wachina waliitengeneza kwa kufuata T-54 ya Warusi. Ukiziweka pamoja na T-55 utadhani ni mapacha: magurudumu matano kila upande, la kwanza limeachana kidogo na la pili, mtutu wa milimita 100. Lakini tazama juu ya kile kichwa kinachozunguka, mbele upande wa kulia. Type 59 ina kifuniko cha duara cha feni ya kutolea moshi. T-55 haina. Warusi walikiondoa walipoweka mfumo wa kuwakinga askari na mionzi ya nyuklia. Na T-55 ndizo walizokuja nazo Walibya kumsaidia Amin, zikakutana na Watanzania pale Lukaya mwezi Machi 1979.

Kwenye kipimo cha 1/35 kifuniko hicho ni kama punje ya kunde. Nikamuuliza mzee kama kweli ina maana yoyote. Akajibu, "Vitani husomi bendera, mwanangu. Unasoma umbo."

Kisha akageukia matope. Kijana alikuwa ameyapaka kahawia nyeusi, kama picha ya kwenye boksi. "Hayo ni ya Ulaya," akasema. "Barabara ya Masaka udongo wake ni mwekundu."

Tulizungumza dakika arobaini. Miaka yote niliyokaa huku, nikimpigia baba mdogo namuuliza afya, mvua na ada za watoto. Habari za vita sikuwahi kumuuliza hata siku moja, na yeye hakuwahi kunisimulia. Kumbe alikuwa anangoja mtu mwenye swali dogo.

Basi wazazi wenzangu, na ninyi wanafunzi mnaounda vitu hivi bwenini, msiamini picha ya boksi peke yake. Kwanza ulizeni: kifaru hiki kilikuwa cha nani, mwaka gani, kwenye udongo gani? Makumbusho ya Imperial War Museum hapa London kuingia ni bure. Mpelekeni mtoto akaone chuma chenyewe kilivyo. Na kama nyumbani yupo mzee aliyekuwa jeshini, mtumieni picha kabla gundi haijakauka.

Kijana alitaka kukitupa kile kifaru. Babu akamkataza. "Toa bendera tu, kisha kigeuze kitutazame. Waliokuwamo nao walikuwa na mama zao."

Sasa kipo kwenye rafu, matope yamepakwa upya mekundu, kimeelekea upande ulio wazi. Anaweka akiba ya kununua Type 59. Jana ameniomba pauni tano za kuongezea, nami nimempa.

Tuonane mwezi ujao.