Anayekula Pupusa Amtambue Aliyeipika

KATIKA miji mingi ya Marekani, hususan Los Angeles, Houston, Washington na vitongoji vya Long Island karibu na New York, imetapakaa mikahawa midogo ya watu waliotoka El Salvador, nchi ndogo ya Amerika ya Kati. Mikahawa hiyo haikuanzishwa kwa mitaji ya makampuni, wala haina wakurugenzi. Ni mali ya familia. Mama yuko jikoni, baba anapokea fedha na kupakua magunia ya unga, binti anapeleka sahani mezani, na mdogo wao anafanya hesabu za shule kwenye meza ya pembeni. Mteja haangaliwi amevaa nini. Huketi, hula kwa mkono, hushiba, hulipa fedha kidogo, na huondoka ameridhika.

Mikahawa ya namna hii inasifiwa sana. Waandishi wa huko huisifu kwa unafuu wa bei yake. Wanasiasa nao huisifu kuwa ni ushahidi kwamba mtu yeyote akijituma atafanikiwa. Maoni yetu ni kwamba sifa hizo zote mbili zina upungufu mkubwa, kwa sababu zinaitazama sahani bila kumtazama aliyeipika, wala haziulizi ni jambo gani lililomtoa kwao. Wahenga walisema: ukipenda boga, upende na ua lake. Anayekipenda chakula cha mgeni hana budi kumkubali mgeni mwenyewe, pamoja na historia yake na haki zake.

CHAKULA CHENYEWE

Tuanze na sahani. Chakula kikuu cha mikahawa hiyo ni pupusa, yaani mkate mnene wa mahindi uliojazwa vitu ndani. Kwa desturi ya asili, mahindi huchemshwa katika maji ya chokaa mpaka maganda yalegee na kutoka, kisha husagwa yakingali na maji, yakawa donge laini. Mpishi huchukua tonge, hulibonyeza katikati liwe kama kikombe, hulitia maharage yaliyopondwa, jibini, au nyama ya nguruwe iliyokaangwa na kusagwa. Wengine hutia jibini pamoja na loroco, ambayo ni machipukizi ya maua ya mmea utambaao, yenye harufu ya pekee. Kisha hulifunga tonge na kulipiga baina ya viganja huku akilizungusha, mpaka liwe duara, ndipo hulilaza juu ya bamba la chuma lenye moto. Hakuna mizani wala kipimo. Mkono ndio unaojua.

Pupusa huliwa pamoja na mchuzi mwepesi wa nyanya na curtido, ambayo ni kachumbari ya kabichi, karoti na vitunguu, iliyolazwa katika siki ikachachuka kidogo. Asiyekula nguruwe huagiza ya maharage na jibini, ingawa yampasa aulize kwanza kama maharage hayo hayakukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Hupatikana pia mihogo ya kukaanga, ndizi za kukaanga, tamale zilizofungwa katika majani ya mgomba, na kinywaji cha ukwaju kilicho baridi.

Mwalimu wa historia au jiografia angeweza kuifundishia sahani hiyo kipindi kizima. Mahindi, maharage na mihogo tunayoiita yetu ilitoka katika bara hilo la Amerika ikaletwa Afrika na mabaharia katika karne zilizopita. Katika kijiji cha kale cha Joya de Cerén nchini El Salvador, kilichofunikwa na majivu ya volkano yapata miaka 1,400 iliyopita na kugunduliwa mwaka 1976, wataalamu walikuta mabaki ya mahindi na maharage ya wanakijiji, na baadaye shamba la mihogo. Ukwaju nao ulifunga safari ya kinyume: asili yake ni Afrika, na leo Msalvador anaunywa akiuhesabu kuwa ni wa kwao.

Lakini somo kubwa zaidi limo katika ile chokaa. Punje ya mahindi ina vitamini iitwayo niasini, ila imefungwa ndani kiasi kwamba mwili hauipati vyema. Chokaa huifungua. Wenyeji wa Amerika ya Kati walikula mahindi kwa maelfu ya miaka wakiwa salama kwa sababu ya ufundi huo, ambao kwa kawaida ulikuwa mikononi mwa wanawake. Wazungu waliyachukua mahindi, lakini ufundi wa mpishi waliudharau wakauacha nyuma. Matokeo yake ni kwamba maskini wa kaskazini ya Italia, na baadaye maskini wa kusini mwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, walipatwa na pelagra, ugonjwa unaoharibu ngozi, tumbo na hatimaye akili. Walipokea chakula, hawakupokea maarifa ya mwenye chakula.

KAHAWA NA BUNDUKI

Je, ni nini kilichomleta mpishi huyu Marekani? El Salvador ina eneo la kilomita za mraba 21,000 hivi tu. Ingeweza kuingia ndani ya Tanzania zaidi ya mara 40. Ardhi yake ya volkano ina rutuba, na rutuba hiyo ndiyo iliyowaponza wenyewe. Kahawa, mmea mwingine wenye asili ya Afrika, ilipopata bei nzuri katika masoko ya dunia, sheria za mwaka 1881 na 1882 zilifuta ardhi za pamoja za vijiji ili zigeuzwe kuwa mashamba ya watu binafsi. Familia chache zikawa makabaila wa nchi, na mkulima akawa kibarua katika shamba lililokuwa la babu zake. Januari 1932 wakulima wa magharibi, wengi wao wenyeji wa asili, waliinuka. Serikali ya Jenerali Maximiliano Hernández Martínez iliwaua maelfu kwa maelfu katika muda wa wiki chache. Waliosalia wengi waliacha kusema lugha yao hadharani, wakaacha na mavazi yao. Mapishi ya mahindi hawakuyaacha.

Dhuluma ile haikuondolewa, ikazaa vita vya mwaka 1980 hadi 1992. Tarehe 24 Machi 1980 Askofu Mkuu Óscar Romero alipigwa risasi akiwa anaendesha misa, siku moja baada ya kuwataka askari waache kuwaua ndugu zao. Watu wapatao 75,000 walikufa kabla mkataba wa amani haujatiwa saini huko Chapultepec, Mexico, tarehe 16 Januari 1992. Tume ya Ukweli ya Umoja wa Mataifa ilitoa taarifa yake mwaka 1993, ikaonyesha kwamba katika ushahidi uliopokelewa, asilimia 85 ya matendo maovu yalihusishwa na askari wa serikali, wanamgambo washirika wao na vikosi vya mauaji. Jeshi la serikali hiyo lilikuwa likisaidiwa na Marekani kwa silaha, mafunzo na mabilioni ya dola.

Hapa ndipo penye uchungu wa jambo lenyewe. Waliokimbia vita hivyo walielekea nchi ile ile iliyovigharimia. Walipoomba hifadhi, walikataliwa. Mwaka 1984 maombi ya hifadhi ya Wasalvador yaliyokubaliwa hayakufika 3 katika kila 100. Ndiyo kusema, mtu alikimbia bunduki iliyotoka Marekani, na alipofika Marekani akaambiwa kwamba hakuwa mkimbizi bali ni mtafuta kazi.

Wakati huo njia ilikwisha kufunguliwa na wanawake. Tangu miaka ya 1960, wanawake wa Kisalvador waliajiriwa mjini Washington kuwa watumishi wa nyumbani wa wanadiplomasia na wafanyakazi wa mashirika ya kimataifa. Wao ndio waliowapokea ndugu zao vita vilipowaka. Tunawakumbusha jambo hili wasomaji wetu walio watumishi wa serikali, maana ni rahisi kudhani kwamba jumuiya za wageni hujengwa na wanaume wenye mitaji. Jumuiya hii ilijengwa na wapishi na yaya.

JASHO LISILOHESABIWA

Sasa turudi kwenye bei. Katika mikahawa mingi pupusa moja huuzwa baina ya dola 2 na 4, na mbili au tatu humtosha mtu mzima. Kodi ya chumba, umeme, gesi na leseni, mwenye mkahawa huyu hulipa kama wengine. Unafuu unatoka wapi? Kwa sehemu kubwa unatoka katika kazi ambayo haiandikwi katika daftari lolote. Ni mama aliyeamka alfajiri kuchemsha maharage na kukata kabichi. Ni shangazi anayekuja Jumamosi bila mshahara. Ni mtoto wa miaka 12 anayemtafsiria mzazi wake barua ya mwenye nyumba na maneno ya mkaguzi wa afya. Mteja anapofurahia bei nafuu, kwa kweli anapokea ruzuku kutoka kwa familia iliyo maskini kuliko yeye.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ndiyo maana ya familia, na kwamba hata mtoto wa mkulima humsaidia mzazi wake kupalilia. Ni kweli, na kusaidiana ni jambo la heshima. Lakini kusaidiana kwa hiari ni jambo moja, na kulazimika kwa sababu milango mingine imefungwa ni jambo jingine. Wengi wa wenye mikahawa hii hawakuchagua biashara ya chakula baada ya kupima nafasi nyingi zilizokuwa mbele yao. Lugha hawakuijua, vyeti vyao havikutambuliwa, hati hawakuwa nazo. Kilichobaki ni kile kilichokuwa katika viganja vya mama. Kuiita hali hiyo ushahidi kwamba mfumo unampa kila mtu nafasi sawa ni dhihaka.

Tena, hata waliofanikiwa hawana uhakika wa kesho. Baada ya matetemeko makubwa ya tarehe 13 Januari na 13 Februari 2001, yaliyoua watu zaidi ya 1,000, Marekani iliwapa Wasalvador waliokuwa tayari huko kibali cha kukaa kwa muda. Kibali hicho kikaongezwa mara kwa mara, miaka ikapita, watoto wakazaliwa, mikahawa ikafunguliwa, kodi zikalipwa. Januari 2018 serikali ya huko ikatangaza kwamba kibali hicho kitakomeshwa, na watu wapatao 200,000 wakatiwa hofu mpaka mahakama zilipochelewesha hatua hiyo. Ni haki gani hii, kwamba mtu alipe kodi kwa miaka 17 kisha aambiwe afungashe?

Wala mzigo wake hauishii hapo. Sehemu ya fedha inayobaki jioni hutumwa kwa wazazi nyumbani. Mwaka 2023 Wasalvador walio nchi za nje walituma kwao zaidi ya dola bilioni 8, karibu robo ya pato la taifa lile. Zamani El Salvador iliishi kwa kuuza kahawa nje. Leo inaishi kwa kiasi kikubwa kwa jasho la watu iliowapoteza. Serikali yoyote inayojisifia fedha hizo yapaswa ikumbuke kwamba kila dola moja ni alama ya mtu ambaye nchi yake haikuweza kumweka.

HESHIMA IANZE WAPI?

Mwaka 2005 Bunge la El Salvador lilitangaza pupusa kuwa chakula cha taifa, likaiwekea sikukuu kila Jumapili ya pili ya Novemba. Uamuzi huo ulikuwa mwema. Chakula cha wakulima na cha wanawake wauzao kando ya barabara kilipewa hadhi ambayo watawala wengi huyapa mapishi ya kigeni tu. Lakini sikukuu haimtoshi mpishi. Hata leo mikahawa mingi ya Wasalvador nchini Marekani huandika kwenye kibao kwamba inauza pia chakula cha Mexico, kwa kuwa wenyeji wanazijua taco na hawalijui jina la pupusa. Mtu analazimika kujitambulisha kwa jina la jirani ili apate mteja.

Basi tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, mteja akiite chakula hicho kwa jina lake na nchi yake. Pili, aache kunung'unika bei inapopanda nusu dola, ilhali yuko tayari kulipa mara tano kwa sahani ya Kifaransa au ya Kiitaliano ambayo haikuhitaji kazi kubwa zaidi. Tatu, na hili ndilo kubwa, asimame upande wa mpishi pale sheria za ukaazi zinapojadiliwa. Haiwezekani mtu ale pupusa mchana na jioni aunge mkono kufukuzwa kwa aliyempikia.

Wasomaji wetu wanaopata nafasi ya kwenda masomoni au mikutanoni katika miji hiyo wanaweza kuingia katika mikahawa hiyo bila woga. Watakuta watu wanaonawa na kula kwa mkono, na mahindi yaliyo ndugu wa ugali wetu. Wakila, wamwulize mama huyo anatoka mji gani na alifikaje hapo. Waliochukua mahindi wakaidharau chokaa walilipa kwa ugonjwa. Wanaotaka pupusa bila Msalvador wanarudia kosa lile lile.