Kotlin ni muzuri, lakini chini yake kuna Java

Vijana wa Ibanda, Kadutu na Bagira,

Wengi wenu munauliza: «Tuanze na Kotlin ao na Java?» Jibu linalozunguka mjini ni moja: Kotlin, maana Java imezeeka. Sisi tunalikataa. Jibu hilo linawapotezea vijana pesa na mega.

Tuseme mambo jinsi yalivyo. Java ilitoka 1995. Toleo la kwanza kamili la Kotlin lilitoka 2016, na mwaka 2017 Google ikaikubali rasmi kwa programu za Android. Ni lugha nzuri: maandishi yake ni mafupi, na makosa mengi yanakamatwa mbele programu haijaanza kutembea. Lakini kwa kawaida Kotlin inageuzwa kuwa kodi ileile ambayo mashini ya Java inasoma, na inaazima maktaba za Java kila siku.

Hapo ndipo shida inaanzia. Kotlin inatulinda na thamani tupu, ile null. Lakini thamani ikitoka upande wa Java, ulinzi huo unaweza kukosekana. Programu inaanguka, inaandika NullPointerException, na mwenye hajasoma Java anabaki kukodolea macho mistari ya majina ambayo hajawahi kuona. Sisi watu wa Bukavu tunajua jambo hilo: nyumba inapakwa rangi muzuri kwenye mteremko, hakuna aliyeangalia udongo. Mvua ikinyesha, udongo ndio unajibu.

Hatusemi mukae mwaka muzima kwa Java. Shikeni msingi: aina za data, klasi, na namna ya kusoma ujumbe wa kosa mpaka mstari wa mwisho. Kisha ingieni Kotlin.

Kwa wale wanaofundisha kwa malipo, tunadai mambo mawili. Kwanza, mwanafunzi aambiwe mbele ya kulipa kwamba Kotlin inasimama juu ya Java, na saa za Java ziwe ndani ya masomo. Cheti hakiinui programu iliyoanguka. Pili, OpenJDK ni ya bure na leseni yake inaruhusu kuigawa. Muiweke kwenye kle USB, mugawie darasa lote. Hakuna sababu watu ishirini waunguze mega zao kwa kitu ambacho mmoja wao anacho tayari.

Kijana anayelipa masomo ana haki ya kufundishwa mpaka chini. Tuidai haki hiyo.