"Nzuri sana" siyo maoni!

Jamani, leo naomba nitoe dukuduku langu. Kuna maneno mawili yananikera kuliko matusi: "nzuri sana".

Mwaka 2017 msanii wa Kenya, Jacque Njeri, alitoa mfululizo wa picha unaoitwa MaaSci. Kwa kutumia kompyuta aliwatoa Wamaasai na shuka zao, akawapeleka angani, kwenye sayari na nyota. Nimewaonyesha picha hizo wasomi wenzangu, tuliovaa majoho pamoja. Majibu ni ya aina mbili tu. Wa kwanza: "Nzuri sana, hongera zake," huku macho yameshahamia kwingine. Wa pili: "Aah, si kompyuta tu hiyo?"

Kompyuta tu! Na Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za baiskeli, tukasema nini? Wapo waliosema ni vitu vya watalii. Tingatinga alifariki mwaka 1972, na mpaka leo wengi wetu tunapita mbele ya picha za wanafunzi wake kama tunapita mbele ya ukuta.

Mtasema kusifu ni uungwana. Uungwana gani wa kumpa mtu mgongo huku unatabasamu? Msanii hawezi kujifunza kitu kwenye "nzuri sana". Hajui umeona nini, wala kama umeona.

Na msiniambie eti kuhakiki rangi ni mambo ya Wazungu. Njooni Tabora! Karne ya 19 misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa Unyanyembe ikiwa imebeba vitambaa na shanga, nyingi zikiwa zimetengenezwa Venice. Shanga zilikuwa fedha ya njiani, lakini fedha yenye masharti. Stanley, aliyekaa Kwihara mwaka 1871, aliandika kwamba Unyamwezini samisami, yaani shanga nyekundu, zilipokelewa mara moja wakati nyingine zilikataliwa. Nyeusi zilikubalika Ugogo, kwingine hazikuwa na thamani. Tajiri aliyekosea rangi alikuwa na mizigo tele na hana cha kununulia chakula cha wapagazi wake!

Huo ndio uhakiki, ndugu zangu. Bibi zetu hawakusema "nzuri sana". Walisema hii naitaka, hii sitaki, rudi nayo. Mfanyabiashara wa ng'ambo ikabidi asikilize.

Juzi juzi nilikuwa sokoni hapa Tabora, kwa mama mmoja anayeuza vitenge. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu. Nikampa simu aone picha mojawapo ya Njeri. Akaisogeza mbali, akaileta karibu. Akakaa kimya. Kisha akauliza:

"Hawa wanaenda au wanarudi?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea: "Nyekundu hii imekubali kwa sababu nyuma yake giza. Ungeweka manjano hapa, umeharibu. Lakini mbona hamna mtoto? Safari yote hii, mtoto wamemwachia nani?"

Hajawahi kukanyaga chuo kikuu, lakini ameshinda miaka mingi akipanga rangi kwa macho yake na akiona wateja wanachukua ipi na wanaacha ipi. Mimi na shahada yangu nilikuwa nimeiangalia picha ile miezi kadhaa bila kujiuliza maswali hayo.

Nilipotaka kuyaandika hayo gazetini nikaambiwa hiyo siyo habari, ni rangi tu. Sawa. Ndiyo maana nayaandika hapa.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Siku nyingine ukiletewa kazi ya msanii, ya brashi au ya kompyuta, kabla hujasema "nzuri sana", taja rangi moja ambayo ungeikataa na useme kwa nini. Msanii akikasirika, mlete kwangu. Nitampeleka kwa mama wa vitenge.